Binti yangu ni kiranja, na anauza majina ya wapiga kelele

Shikamoo mama mshauri.

Naomba jina langu na la shule yasitoke, maana mtaa wetu ni mdogo na watu tunajuana. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto watatu. Tunaishi mji mdogo mkoani Tanga. Ninayekuandikia habari zake ndiye wa kwanza, ana miaka 12, yuko darasa la sita shule ya msingi ya serikali.

Mwezi wa pili aliteuliwa kuwa kiranja wa darasa. Tulifurahi sana. Baba yake alinunulia soda kila aliyepita barazani jioni ile, na mimi nikamshonea sketi mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa imepauka. Darasa lao lina watoto 94. Mwalimu akiwa ana kipindi kwingine, au yuko ofisini anasahihisha, binti yangu ndiye husimama mbele na daftari, anaandika wapiga kelele. Mwalimu akirudi anasoma orodha, walioandikwa wanatoka mbele, wanachapwa. Sisi wote tumesoma hivyo, sikuona ajabu.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natafuta penseli ya kuchorea kitambaa, nikafungua mkebe wake. Hamna bikari, hamna rula. Mna sarafu. Nilizihesabu mara mbili, zikawa shilingi 3,400, zote za mia na mia mbili. Chini yake kulikuwa na karatasi za daftari zilizokunjwa, zina majina ya watoto, na mbele ya baadhi ya majina pana alama ya vema.

Sisi tunampa shilingi 300 kwa siku na mara nyingi anarudi na njaa, kwa hiyo nilijua si akiba. Nikambana. Akalia, kisha akasema. Mtoto akiandikwa, anamwonyesha vidole viwili kutoka dawatini kwake, yaani mia mbili, na jina linapigwa vema: halisomwi. Asiye na hela anatoa ubuyu au kashata, au asubuhi anamfagilia namba yake, yaani sehemu ya uwanja aliyopangiwa kufagia. Asiye na chochote jina linabaki. Akirudia kuongea anawekewa mara mbili, mara tatu, na kila alama ni fimbo.

Kilichonimaliza ni hiki. Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna bibi anauza vitumbua, analea mjukuu wake ambaye mama yake alishafariki. Mtoto mpole, anakaa dawati moja na binti yangu. Hela ya shule hana, hata mia. Kwenye zile karatasi jina lake lipo kila siku na halina vema hata moja. Kabla sijagundua haya yote, siku moja alirudi viganja vimevimba, kijiko hakishiki. Bibi yake akamkanda kwa maji ya chumvi, kisha akaja kwangu akamwuliza binti yangu mbele yangu, "Mjukuu wangu, niambie kweli, huyu mwenzio anafanya fujo gani huko shuleni?" Binti yangu akatazama chini, akajibu, "Anaongea sana, bibi." Bibi akarudi kwake akamwongezea za nyumbani. Mimi nilikuwa nakata kitambaa, nikamwambia bibi, "Watoto wa kiume ndivyo walivyo."

Mume wangu nilipomweleza alicheka, akasema huyu ana kichwa cha biashara. Baadaye akapandwa na hasira akataka kumchapa, nikamzuia. Sasa anasema tunyamaze, kwa sababu tukisema mtoto atachapwa mstarini mbele ya shule nzima na kuvuliwa ukiranja, na mwakani ni darasa la saba, walimu watamchukia. Dada yangu yeye anasema haya mambo ya haki za watoto ndiyo yamewaharibu, zamani tulichapwa tukawa watu, samaki mkunje angali mbichi. Anataka nimkokote mwenyewe hadi kwa mwalimu mkuu.

Kuna neno moja sijamwambia mtu. Usiku ule tulipozima taa binti aliniambia, "Mama, mwalimu anataka majina kumi. Yakipungua, yaliyopungua nachapwa mimi." Sijui kama ni kweli au anajitetea. Mtoto aliyeweza kumdanganya bibi yule usoni, nitamwaminije?

Nimezaa mwizi, mama? Niende shule, niende kwa bibi, au nimtoe tu ukiranja kimya kimya? Siku hizi naona haya hata kununua vitumbua.

Mama Kiranja, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nikakwama pale ulipomwambia bibi kwamba watoto wa kiume ndivyo walivyo. Hukulazimika kuniandikia maneno hayo. Ungeyaruka nisingejua. Umeyaandika kwa sababu yanakuuma, ingawa siku ile hukuwa unajua lolote. Nimeanza na hapo ili usome haya mengine ukijua kwamba sikuoni mzazi mbaya.

Unauliza kama umezaa mwizi. Ngoja kidogo. Nikiifumua barua yako naona mafundo matatu yaliyofungwa pamoja: hela iliyo mkebeni, orodha yenyewe, na mjukuu wa bibi. Wewe macho yako yako kwenye hela, kwa sababu hela ndiyo uliyoiona kwanza na ndiyo inayohesabika. Mimi nadhani hela ndiyo fundo jepesi kuliko yote.

Fanya hivi kabla ya kuamua lolote. Zitoe tena zile karatasi. Kama binti ameandika siku kwa siku, hesabu majina ya kila siku ambayo hayana vema, yaani yale yaliyosomwa. Kama leo ni manne, kesho kumi na tano, keshokutwa saba, basi huenda lile neno la usiku lilikuwa la kujitetea. Lakini ukikuta kumi, kumi, kumi, hapo mtoto amekuambia kweli, maana kelele za watoto 94 hazijui kuhesabu.

Na kama ni kweli, tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mwalimu anataka kumi. Watatu wamelipa, wamebaki saba. Hao watatu wanaopungua watatoka wapi? Kila aliyelipa ameacha pengo, na pengo linataka jina la mtoto ambaye hatalipa, hatalalamika, na nyumbani kwao hakuna atakayekuja shule kuuliza. Binti yako alikuwa naye dawati moja. Nahofia mjukuu wa bibi hakuandikwa kwa sababu anaongea. Aliandikwa kwa sababu ananyamaza.

Najua maneno hayo ni mazito kuyasoma. Sisemi binti hana kosa. Miaka 12 inatosha kujua kwamba mwenzio anapigwa kwa niaba ya wengine, na alipomjibu bibi huku ametazama chini, macho yake yalikuwa yanajua. Ila kati ya mtoto mwenye kosa na mtoto mwizi pana umbali, na neno ukishalitamka nyumbani halirudi. Fimbo hakuileta yeye, wala daftari. Alikabidhiwa fimbo za watu 93 azigawe, asipozigawa zimrudie, na mtu mzima akaondoka chumbani. Bei ya mia mbili aliibuni mwenyewe, hilo ni kweli. Lakini watoto hupanda daladala pamoja nasi, wanamwona kondakta akikunja noti kabla hajashuka kwenda kuzungumza na askari, na hakuna anayegeuka kumweleza mtoto kilichotokea.

Hapa nami nina la kuungama. Nimefundisha shule ya msingi, na orodha hiyo nimeitumia. Ukiwa na watoto 80 na zaidi, madaftari ya hesabu yamekujaa mezani, darasa la jirani halina mwalimu na wewe ndiye unayetakiwa kusikika kote kuwili, kiranja mwenye daftari ni mkombozi. Sikuwahi kujiuliza nani anaandikwa na nani haandikwi. Kwa hiyo nikikuambia habari za mwalimu wa binti yako, simwoni jitu. Tangu michango ya lazima ilipofutwa shule za msingi, na ada shule za sekondari hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, watoto waliingia kwa wingi, na ni jambo jema mno, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo. Mwalimu huyo pengine alitamka "majina kumi" siku moja kwa hasira, kisha ikawa desturi.

Sasa dada yako, na hoja yake kwamba haki zimewaharibu watoto. Usimpuuze, wengi wanasema hivyo na wanasema kwa uchungu. Ila mwulize kama amewahi kuisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mbele kidogo, kifungu cha 15 kinamwekea wajibu: kuwaheshimu wazazi, walezi, wakubwa na wazee, na kuitumikia jamii yake kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Vyote viwili vimo ndani ya sheria moja. Yule bibi wa vitumbua ni mmoja wa wazee wanaotajwa humo, na alidanganywa barazani kwako. Kwa hiyo dada yako anapodai heshima, mimi niko upande wake, nami naidai kwa niaba ya bibi na mjukuu wake pia.

Kuhusu kuchapwa tukawa watu, Tanzania bado inaruhusu viboko shuleni, si kama Kenya ambao waliviondoa mwaka 2001 (ingawa huko nako fimbo haijaisha kabisa, inajificha). Lakini hata ruhusa yetu ina mipaka ambayo wazazi wengi hawaijui. Kwa kanuni za mwaka 2002, mwenye ruhusa ya kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne kwa mara moja. Viwe kwa makosa makubwa ya nidhamu, na vilingane na umri, jinsia na afya ya mtoto. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Na kila mara iandikwe kwenye kitabu, jina, kosa na idadi. Kuongea na jirani dawatini kunafika kuwa kosa kubwa? Kiganja kisichoshika kijiko kimeandikwa kwenye kitabu gani? Sikupi maswali hayo ukamrushie mwalimu usoni. Nakupa ili ukienda shule ujue huendi kuomba msamaha tu.

Na samaki mkunje angali mbichi, sawa. Methali imesema kukunja.

Tuje kwenye njia zako. Hiyo ya kumtoa ukiranja kimya kimya inavutia kwa sababu haina kelele. Utasema macho yanamsumbua, au masomo yamekuwa mengi. Binti atapumua. Ila daftari litahamia mkononi kwa mtoto mwingine siku hiyohiyo, kumi watabaki kumi, na yule wa bibi ataendelea kutoka mbele. Zaidi ya hapo, binti atakuwa amejifunza kwamba baya likijulikana nyumbani dawa yake ni kulihamisha. Pengine bado utaichagua kwa muda, ili kumwondoa kwenye moto kwanza. Sitakulaumu, mradi isiwe ndiyo mwisho.

Njia ya dada yako, ya kumkokota hadi ofisini, nina wasiwasi nayo. Hofu ya mume wako hapo ni ya kweli: anaweza kuchapwa mstarini, na darasa zima likajifunza tu kwamba anayesema ukweli huchapwa. Na akishapigwa yeye, shule itaona jambo limekwisha, orodha ikaendelea kesho yake.

Iko ya kwenda wewe mwenyewe, bila mtoto, saa ambazo si za mstari. Kwa adabu zetu unaanza na mwalimu wa darasa, usimruke. Lakini kama zile hesabu za kumi zimetoka, mwalimu huyo naye ni sehemu ya jambo, na anaweza kujihami. Shule nyingi sasa zina mwalimu wa malezi au unasihi; ukimpata huyo akae nanyi, mazungumzo huwa mapole. Sema yote mawili, la hela na la majina kumi. Ukisema la hela tu, umemtoa binti kafara. Ukisema la majina tu, siku la hela litakapojulikana hakuna atakayekuamini. Kabla hujataja chochote, omba kwanza kwamba mtoto asiadhibiwe mbele ya wenzake. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Naweza kukuambia kwamba mzazi aliyeomba kabla husikilizwa kuliko aliyelalamika baada.

Wakikufungia mlango, iko kamati ya shule, na ndani yake wamo wazazi kama wewe. Juu yake yuko afisa elimu kata. Na ikiwa mtoto yeyote, wako au wa bibi, atarudi tena amevimba, simu ya 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Sisemi uanzie huko. Nakutajia ili usijione huna pa kwenda.

Unaweza pia kufika na pendekezo, walimu wanachoka na wazazi wanaoleta lawama tupu. Nilipoacha orodha, darasa langu halikunyamaza, nisikudanganye. Nilichofanya ni kuwapa kazi kabla sijatoka, na vikundi vya madawati vikawa vinajisimamia kwa zamu, kiongozi anabadilika kila wiki. Aliyejua kwamba wiki ijayo ataongozwa na mwenzake alikuwa mpole alipokuwa anaongoza yeye. Kelele zilibaki, ila zilikuwa za kuulizana hesabu, angalau nusu yake.

Nimemwacha bibi mwisho kwa sababu hapo ndipo naona pagumu kuliko shule. Shule unaweza kuishughulikia kwa barua na vikao. Bibi unamwona kila asubuhi. Yeye amemwadhibu mjukuu wake akiamini ni mkorofi, na mtoto yule amepigwa na mwalimu kwa kosa ambalo si lake, kisha na mlezi wake kwa kosa hilohilo, na shahidi pekee aliyeujua ukweli alitazama chini. Ana haki jina lake lisafishwe, na walioweza kulisafisha wamo nyumbani kwako. Ukimwambia bibi, anaweza kukasirika, akalia, akaenda mwenyewe shuleni kabla yako, au akakaa mwezi mzima bila kukusalimu. Usipomwambia, mjukuu anajua, binti yako anajua, na ipo siku mmoja wao atasema, halafu bibi atahesabu ni wiki ngapi umenunua vitumbua vyake huku unajua.

Swali ni nani aende. Mimi nisingemtuma mtoto peke yake, huo ni ukatili. Wala nisingekwenda bila yeye, kwa sababu uongo ule aliusema kwa kinywa chake. Lakini mwulize yeye kwanza. Mwambie, "Tukienda kwa bibi, unataka nianze mimi au uanze wewe?" Sikiliza atakachojibu hata kama ni kilio. Alipokuambia lile la usiku alikuwa anakujaribu kama unaweza kuubeba ukweli. Ulinyamaza, nadhani, maana hukuniandikia ulimjibu nini. Bado hujachelewa kumjibu.

Baba yake naye umshirikishe kabla ya yote hayo. Alicheka, kisha akataka kuchapa, kisha akataka kunyamaza. Huyo ni mtu aliyeogopa mara tatu. Pengine hakuna aliyempa nafasi ya kukaa na zile karatasi akahesabu mwenyewe. Mpe karatasi, mwachie na taa, usimweleze kitu.

Zile shilingi 3,400 usiziguse, hata chumvi ikiisha. Ziache mkebeni. Majina yapo, vema zipo, na binti anajua ipi ya nani. Ubuyu na kashata havirudi, ila anaweza kumfagilia namba kila aliyemfagilia yeye. Mkishafika kwa bibi, niandikie alisema nini.